Mraba wa Ishirini

Mdogo wangu aliitwa Redio. Jina hilo hakupewa na wazazi; walimpa wateja wake wa kusuka, kwa sababu alikuwa akifungua mdomo asubuhi pamoja na mlango wa saluni na kuufunga jioni pamoja na kufuli. Aliweza kukusuka kichwa kizima huku akikupa habari za kichwa kilichotangulia. Ukimwambia, "Redio, punguza sauti," anakujibu, "Betri bado mpya, shoga, vumilia." Nayasema haya mwanzoni ili ijulikane ni mtu wa namna gani aliyepokonywa maneno, na ili nisije baadaye nikasingizia kwamba sikumjua. Nilimjua. Ni mdogo wangu wa tumbo moja.

Saluni yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba tuliyoachiwa na wazazi, chenye mlango wake wa kutokea barabarani. Mlikuwa na kioo kilichopasuka pembeni, benchi, viti vitatu vya plastiki, na sanduku la nywele bandia ambalo watoto wangu walikatazwa kuligusa na waliligusa kila siku. Mimi kazi yangu ilikuwa nyuma, uani, chini ya mabati. Ni mchora mabango. Vibao vya maduka, milango ya malori, kuta za shule: ukiona neno limeandikwa kwa rangi mtaani kwetu, yaelekea ni mkono wangu. Watu huniita Nukta, kwa kuwa kila kibao nakimalizia na nukta hata pasipohitajika. Kila fundi ana maringo yake, na yangu ni hayo.

Fundi aliyenifundisha aliniachia sheria moja ambayo sikuwahi kuivunja. Alisema kazi isiyo na jina la fundi ni sawa na mtoto asiye na baba. Kwa hiyo pembe ya chini, upande wa kulia, huwa ni yangu. Hapo naandika NUKTA na namba ya simu, herufi ndogo nadhifu. Mteja agombe asigombe, nitaiweka.

Redio alipata homa ya uti wa mgongo akiwa na miaka ishirini na sita. Alilazwa wiki saba. Aliporudi nyumbani mkono wa kulia ulikuwa umekufa, mguu wa kulia anauburuta, na mdomoni imebaki sauti moja tu, kama ya mlango usiotiwa mafuta. Herufi zilimtoka, hakuweza kuandika hata jina lake, ingawa neno zima alilolizoea akiliona alilitambua, kama mtu anavyoitambua sura. Na shingo yake ilikuwa haitulii. Kichwa kilitikisika kushoto na kulia chenyewe, saa zote alizokuwa macho, hata akinywa chai anayoipenda. Kwa hiyo kutikisa kichwa kwake hatukukuhesabu kuwa jibu. Akili ilikuwa nzima. Ukimtazama machoni ulimwona yumo ndani, amekaa, anasubiri kufunguliwa.

Muuguzi wa wodi ndiye aliyetushauri tumtengenezee ubao. Alisema tuchore picha za vitu anavyovihitaji, tuandike na maneno yake chini, yeye awe anagusa kwa mkono wa kushoto. "Si lazima uwe wa kupendeza," alisema. "Hata karatasi ya boksi inatosha."

Karatasi ya boksi! Kumwambia mchora mabango! Nilihisi kama nimetukanwa. Nilinunua plaiwudi nzuri, nikaipiga msasa mara mbili, nikapaka rangi nyeupe ya chini, nikagawa miraba ishirini kwa rula: mitano kwenda kulia, minne kwenda chini. Siku nne nilichora kwa penseli tu. Redio alikaa kwenye kiti chake pembeni yangu, chini ya mabati, akiangalia. Nilikuwa nikimsomea kila neno nililoliandika: maji, chai, choo, joto, baridi, naumwa, nataka kulala, nataka kutoka nje, karibu, asante, ndiyo. Kila neno alitoa ile sauti yake, nami nikawa namwambia, "Subiri uone likipakwa rangi." Siku tano zilizofuata nilipaka. Picha ya kikombe cha chai niliitia mpaka mvuke. Nilipofika mraba wa ishirini, wa chini kulia, nikaupaka buluu, nikaandika NUKTA kwa njano, na namba ya simu. Nikapiga vanishi juu.

Redio akatoa sauti, kubwa kuliko siku zote, akaigonga ile pembe kwa kiganja. Mke wangu akacheka. "Wifi anakusifia bwana. Ameona jina lako." Nami nikavimba kichwa.

Tukamweka mlangoni pa iliyokuwa saluni, kiti chini ya kivuli cha ukuta, ubao mapajani. Barabara ilikuwa inapita mbele yake. Huwezi kuamini jinsi alivyochangamka. Muuza mkaa akipita na mkokoteni alikuwa akisimama makusudi, "Redio, kuna habari gani leo?" naye akigusa "joto", jamaa anajifuta jasho, "Habari hiyo ninayo, lete nyingine," akigusa "choo", jamaa anakimbiza mkokoteni huku watu wanacheka. Wateja wake wa zamani walikuja wakakaa kwenye benchi, wakasukana wao kwa wao, ili mradi tu wawe karibu naye. Mwenye mkono mzembe Redio alimgonga kwa fimbo yake ya kutembelea, akamwonyesha kwa kidole mahali mstari ulipopinda. Mlango ule ndio uliokuwa uhai wake. Naomba hilo lisisahaulike.

Na kila mtu aliyesimama kumsalimia aliuona ubao. "Mungu wangu, nani kachora?" Jibu lilikuwa pale pale, pembe ya chini, na namba ya simu. Nilipata kazi ya duka la vipuri kupitia ubao ule. Nilipata malori mawili. Sikuona aibu hata kidogo. Nilimwambia mke wangu, kwa kinywa changu hiki, kwamba Redio amekuwa wakala wangu.

Maana alikuwa akiigusa pembe ile mara kwa mara kuliko mraba mwingine wowote. Mke wangu akimletea bakuli la pili la uji, Redio anagusa NUKTA. Akivalishwa lile gauni la rangi ya chungwa ambalo mke wangu alimshonea, anagusa NUKTA. Kulikuwa na mama mmoja wa nyumba ya tano aliyekuja kila Jumamosi kumshika kichwa na kumwombea kwa sauti ya kuamsha mtaa, Redio alikuwa akiigonga NUKTA tangu mwanzo wa maombi mpaka mwisho, na yule mama alikuwa akisema, "Mnaona? Anamwombea na kaka yake." Sisi tulikuwa tunacheka. Ilikuwa kichekesho cha nyumba yetu. Mwaka na nusu tulicheka.

Kisha kazi ya brashi ikaanza kufa. Kila mtu alitaka bango la turubai lililochapwa kwa mashine, lenye picha ya simu inayong'aa na mwanamke anayecheka. Mashine yenyewe niliipata, lakini haikutaka vumbi, haikutaka mvua, na ilitaka mahali ambapo mteja akipita barabarani anaiona. Uani chini ya mabati haikufaa. Chumba kilichofaa kilikuwa kimoja tu.

Shangazi yetu, dada wa marehemu baba, alikuwa anaishi peke yake nyumba yenye nafasi, mbali na mji. Alijitolea mwenyewe. "Mleteni kwangu mwanangu, kuna utulivu, atapumzika." Neno lile atapumzika nililishika kwa mikono miwili. Nikalirudia kwa mke wangu, kwa majirani, na kwa nafsi yangu. Mtu ambaye maisha yake yote alikuwa akikimbia utulivu kama ugonjwa, mimi nikamtafutia utulivu.

Hatukumwondoa bila kumuuliza. Hilo nilikuwa nikijivunia. Shangazi alikuja, tukakaa chumba cha mbele, mimi, mke wangu, yeye shangazi, na Redio. Nikapiga magoti mbele ya kiti chake ili anione vizuri.

"Mdogo wangu," nikasema, "shangazi anataka ukakae naye. Utakwenda?"

Akagusa NUKTA.

"Hapana, sikiliza kwanza," nikasema, na sasa nikilikumbuka neno hilo nilivyolitamka kwa urahisi, ulimi wangu unakuwa mzito. "Nauliza utakwenda kwa shangazi?"

Akagusa NUKTA. Akaigusa tena, akaanza kuigonga kwa ukucha, harakaharaka, na ile sauti yake ikapanda. Alikuwa ananitazama mimi, si ubao. Ukucha ukavunjika, damu kidogo ikaingia kwenye njano yangu, na bado anagonga.

Ni shangazi aliyetoa tafsiri. "Si mnaona wenyewe? Anasema kaka yake ndiye mwenye kauli. Amemwachia kaka yake."

"Basi ameniachia mimi," nikasema.

Nilisema hivyo. Na niseme na hili, kwa kuwa nimeamua kusema: wakati natamka maneno yale, niliyaona macho yake. Kulikuwa na kitu pale ambacho hakikufanana na kumwachia mtu kauli. Lakini mashine ilikuwa njiani, na mtu akitaka jambo, tafsiri yoyote inayompendeza humtosha.

Asubuhi ya kuondoka kulikuwa na pilikapilika za mizigo. Redio aliuangusha ubao mlangoni, mke wangu akauegemeza ukutani asije mtu akaukanyaga, na gari likaondoka ukiwa pale pale. Tulipogundua nikampigia simu shangazi, nikamwambia nitauleta wiki ijayo. Akasema, "Wala usijisumbue mwanangu, sisi tunaelewana." Wiki ijayo mashine ilifika. Wiki iliyofuata kulikuwa na kazi. Ukuta wa chumba kipya ulionekana mtupu, basi nikautundika ubao pale, juu ya meza ya wateja, wauone. Ulikuwa kazi yangu bora kuliko zote.

Ulikaa hapo miezi minne. Nataka uhesabu vizuri: miezi minne mdogo wangu hakuwa na neno hata moja, kwa sababu maneno yake yalikuwa pambo la duka langu.

Siku moja aliingia mwanamke mmoja, mwenye miwani na mkoba mkubwa, akataka kibao cha chumba chake cha kazi kwenye kliniki mpya. Alitaka kiandikwe "Mazoezi ya Usemi". Nikamuuliza ni biashara gani hiyo, akanieleza kwamba kazi yake ni kuwasaidia watu ambao usemi umewatoka au haukuwahi kuwajia: waliopata kiharusi, walioumia kichwa, watoto waliozaliwa hivyo. Kabla sijafungua mdomo akawa ameuona ubao.

"Huu ni wa nani, fundi?"

"Wa mdogo wangu, mama. Nimeuchora mwenyewe." Nikausogezea mwanga wa taa.

"Na mwenyewe yuko wapi?"

"Kwa shangazi yetu."

Akanigeukia. "Yeye yuko kwa shangazi, ubao uko hapa?"

"Nimeuleta niurekebishe kidogo," nikasema. Uongo huo ulinitoka bila kupiga hodi. Vumbi lililokuwa juu ya fremu lilikuwa nene, naye aliliona. Akasogea, akaanza kuisoma miraba mmoja mmoja kwa kidole, kama mwalimu anayesahihisha daftari.

"Herufi safi sana," akasema. "Picha zinaeleweka. Hongera." Nikaanza kuvimba. Akaendelea kusoma mpaka mwisho, akarudi juu, akasoma tena. "Hapana iko wapi?"

"Hapana ipi, mama?"

"Neno hapana. Huyu mdogo wako akiwa hataki kitu, anasemaje?"

"Ndiyo ipo," nikamwonyesha. "Asipoigusa ndiyo, tunajua."

"Mnajua nini? Kwamba hataki, au kwamba anafikiri, au kwamba hajasikia, au kwamba amewakasirikia?"

Akainama kwenye pembe ya chini. "Hapa pamelika sana. Rangi imetoka."

Nikacheka, nafurahi tumehamia kwenye habari ya kuchekesha. "Hapo ndipo alipopapenda. Alikuwa ananitangazia biashara. Kila wakati jina la kaka."

"Wakati gani hasa?"

Basi nikaanza kumsimulia, kama tulivyokuwa tukisimulia siku zote. Nikamwambia habari ya bakuli la pili la uji. Akanisikiliza. Nikamwambia habari ya gauni la rangi ya chungwa. Nikamwambia habari ya yule mama wa maombi, na jinsi Redio alivyokuwa akigonga mwanzo mpaka mwisho, na hapo nikasikia sauti yangu mwenyewe ikipungua. Nikasimama kati ya sentensi. Nilikuwa nimebakiza kisa kimoja, cha shangazi na ukucha, lakini hicho sikuweza kukitoa.

Yule mama wa kliniki hakunisuta. Ingekuwa afadhali angenisuta. Aliniandikia vipimo vya kibao chake kwenye karatasi, akasema atarudi baada ya siku tatu, akaondoka taratibu.

Nilifunga mlango. Nikauteremsha ubao, nikaulaza mezani, nikachukua wembe. Nilianza kuikwangua ile buluu polepole, kwanza vanishi, kisha njano ya jina langu, kisha buluu yenyewe. Mkono wangu ulikuwa unajua kitakachotokea kabla ya kichwa changu. Chini kabisa, juu ya rangi nyeupe, mistari ya penseli ikajitokeza, ile ya rula niliyoipiga mimi, na kati yake neno, kwa mwandiko wangu mimi, na mwisho wake nukta.

HAPANA.

Ndipo kumbukumbu yote ikarudi. Nililiandika. Siku zile nne za penseli nililiandika kwenye mraba wa ishirini, na nikamsomea kwa sauti, "Na hapa pa mwisho, hapana," na akatoa sauti. Siku ya rangi nilipofika pale nilitafuta mahali pa kutia jina langu, nikakuta nimebana miraba mpaka ukingoni, hakuna nafasi. Nikajiambia ndiyo ipo, inatosha. Nikalipaka buluu. Alikuwa amekaa pembeni yangu, karibu kiasi cha kuweza kunishika mkono, na aliligonga kwa kiganja rangi ikiwa bado mbichi. Sisi tukasema ananisifia.

Kwa mwaka na nusu mdogo wangu alikuwa anakataa. Alikataa uji, alikataa gauni, alikataa kushikwa kichwa, alikataa kuhamishwa mpaka akavuja damu. Alikuwa anaweka kidole pale pale neno lake lilipo, chini ya jina langu, na sisi tukisoma jina. Nyani haoni kundule. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze pamoja na meza.

Nilimwita mke wangu nikamwonyesha. Hakuelewa mara moja. Alipoelewa aliketi kwenye benchi, akaziba mdomo kwa kanga yake.

"Lile gauni," akasema. "Mwaka na nusu namvalisha lile gauni, na kila nikimvalisha namwambia amependeza."

"Gauni si kitu," nikamwambia.

"Kwako si kitu!" akafoka. "Wewe ni mwanamume, ungejua nini? Mtu anavaa asichokitaka kila siku na hawezi kusema." Kisha akaniangalia, nikajua sasa anafikiria lile la shangazi. Hakulitaja. Aliondoka akaenda chumbani kwake kulia.

Nililipaka lile neno jekundu juu ya nyeupe, kubwa kadiri mraba ulivyoruhusu. Sikutia nukta. Kesho yake nikasafiri.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Mbona hukutuarifu? Pita, mdogo wako yuko ndani, anapumzika."

Alikuwa amekaa kwenye kiti kando ya kitanda, chumba cha nyuma, na dirisha lake linatazama ukuta wa tangi la maji. Amekonda. Lakini siyo kukonda kulikonishtua. Alikuwa amenyolewa kichwa chote. Msusi!

"Nywele zilikuwa zinanishinda," shangazi akaeleza nyuma yangu. "Nilimuuliza, akanyamaza. Nikajua amekubali."

Sikuwa na uso wa kumlaumu shangazi. Alichofanya alijifunza kwangu. Nikapiga magoti mbele ya kiti, kama siku ile, nikauweka ubao mapajani mwake. Aliutazama. Macho yake yalipita juu ya kikombe chenye mvuke, yakapita mstari wa pili, wa tatu, yakafika pembe ya chini, yakakaa hapo. Kichwa chake kilikuwa kinatikisika kama kawaida, lakini macho hayakutikisika. Mkono wa kushoto ukaja polepole. Kidole cha shahada, kile ambacho ukucha wake uliota umepinda, kikaugusa mraba, kikaufuata mstari wa herufi ya kwanza mpaka ya mwisho.

"Nimeliona," nikamwambia. "Nimelikwangua nikaliona. Nililifunika mimi. Ulikuwa unaniambia na mimi nacheka." Machozi yalikuwa yananitoka na kamasi, mbele ya shangazi, na sikujali. "Nimekukosea mdogo wangu. Naomba unisamehe."

Redio akaniangalia. Kidole hakikuondoka kilipokuwa. Kilinyanyuka kidogo tu, kikarudi, kwa utulivu kabisa, bila hasira.

HAPANA.

"Masikini," shangazi akasema, "hajui anachokigusa. Ni mazoea."

"Anajua, shangazi."

Nilikaa pale chini mpaka magoti yakauma. Sijui nilikuwa natarajia nini. Labda nilidhani nikimrudishia neno lake atalitunza kwa ajili ya wengine, alitumie kwa uji. Baadaye nikajifuta uso nikamuuliza la pili, kwa woga, maana sasa nilijua anaweza kujibu.

"Turudi nyumbani? Chumba cha mbele nitakitoa mashine. Nitakupa mlango wako."

Mkono ukasafiri ubao mzima kwenda juu kushoto, ukagonga NDIYO mara tatu. Nikataka kumbeba mpaka kwenye gari, akagusa nyekundu. Nikamwinulia fimbo. Akatembea mwenyewe, anauburuta mguu, ubao nimeushika mimi mbele yake kama mtumishi anayeshika kitabu, na alipofika mlangoni akageuka, akagusa "asante", akimwelekea shangazi.

Sasa mashine iko uani. Inakula vumbi, inagoma siku mbili kwa wiki, na wateja wanaingia kwa kupitia jikoni wakimsalimia mke wangu. Redio yuko mlangoni kwake. Nywele zimeanza kuota, na wale wateja wa zamani wanabishana ni nani atakayemsuka kwanza. Bakuli la pili la uji halipelekwi tena. Gauni la rangi ya chungwa limekuwa vitambaa vya kufutia brashi. Yule mama wa maombi alikuja Jumamosi ya kwanza, akakuta kidole kiko kwenye nyekundu kabla hajainua mikono. Akasoma, akasoma tena, akasema basi atamwombea akiwa nyumbani kwake. Muuza mkaa naye ana mchezo mpya: kila asubuhi anasimama na mkokoteni, anauliza, "Redio, nikuoe?" na kila asubuhi anakataliwa mbele ya mtaa mzima, anaondoka ameshika kifua.

Yule mama wa kliniki anakuja mara mbili kwa mwezi. Ameleta karatasi zenye maneno mengine sitini, wanachagua pamoja yapi yaingie kwenye ubao wa pili. Mimi siitwi kwenye kuchagua. Naitwa kuchora.

Lile swali langu la msamaha namuuliza bado. Siyo kila siku, nisije nikawa kero, lakini wiki haipiti. Nasubiri awe peke yake, nachuchumaa, namuuliza, "Na mimi?" Anajua ninachouliza. Kidole kinakwenda pale pale. Hajawahi kusita, na hajawahi kukasirika. Akishajibu ananigusia "chai", naenda kumletea.

Ule mraba unalika kuliko mingine yote. Nimeupaka upya mara tatu, na leo asubuhi ilikuwa ya nne. Nilikaa naye mlangoni nikiwa na kopo dogo la rangi nyekundu, yeye akiangalia mkono wangu kama alivyokuwa akiuangalia zamani chini ya mabati. Nilipomaliza herufi ya mwisho, mdomo wangu ukauliza tena kabla sijafikiri. Akanyanyua mkono. Akaona rangi bado mbichi, akaurudisha mapajani. Rangi ya mafuta haikauki upesi, nami sikuwa na haraka ya kwenda popote, kwa hiyo tukakaa, tunaangalia barabara, muuza mkaa akapita akakataliwa kwa fimbo. Jua lilipofika mapajani mwake aliujaribu mraba kwa ncha ya kidole, akaona rangi hainati tena. Ndipo akaugusa.